Gari la Dizeli Lililokwenda Sana: Linunuliwe au Liachwe?

Ni mara chache katika maisha ya askari kupata fedha nyingi kwa pamoja. Fedha ya namna hiyo huja anaporudi kutoka kazi ya kulinda amani nje ya nchi, anapopewa mkopo na chama cha akiba, au anapopokea kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya utumishi. Katika nyumba nyingi, iwe kambini au katika laini za polisi, mazungumzo ya gari huanza siku hiyo hiyo. Watoto wapelekwe shule, wazee wa kijijini watembelewe, mazao yafikishwe sokoni. Na kwa kuwa fedha hiyo haitoshi kununua gari la miaka ya karibuni, macho ya mnunuzi huliangukia lile gari kubwa la dizeli lililosimama kando ya barabara, limeng'arishwa kwa nta, na bei yake ni nusu ya bei ya wenzake. Mita yake inasoma kilomita 280,000.

Hapo ndipo watu wa nyumba moja hugawanyika. Mmoja husema kwamba dizeli haifi, na mwingine husema kwamba gari hilo limekwisha kula umri wake. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na ni vyema kila sehemu ipimwe kabla fedha ya miaka mingi haijatoka mkononi.

SIFA YA DIZELI ILIKOTOKA

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Injini hiyo haihitaji plagi ya kutoa cheche. Hewa peke yake huingizwa katika silinda na kubanwa kwa nguvu mpaka ipate moto mkali, kisha dizeli hunyunyizwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka yenyewe. Katika injini nyingi za dizeli za zamani, hewa hubanwa mpaka ibaki kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, hali katika injini za petroli za rika lake hubaki sehemu moja ya tisa au ya kumi.

Kwa sababu ya mkazo huo, pistoni, krenki na bloki ya injini ya dizeli hazina budi kutengenezwa kwa uzito na uimara zaidi. Tena injini hiyo huzunguka polepole kuliko ya petroli. Chuma kizito kinachozunguka polepole huchelewa kulika, na hiyo ndiyo asili ya sifa ya dizeli kuishi miaka mingi.

Mfano unaotajwa sana ni wa dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis. Mwaka 1981 alinunua Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kwenda kilomita 220,000. Alipolitoa gari hilo kwa kiwanda lilikotengenezwa mwaka 2004, lilikuwa limekwenda kilomita 4,600,000. Lakini wasimuliaji wengi husahau kuongeza kwamba safari hiyo haikuwa ya injini moja. Injini zilitolewa, zikatengenezwa na kurudishwa mara nyingi. Gari lile liliishi kwa sababu mwenyewe hakuacha kulihudumia, na teksi ililipa gharama hiyo kwa kazi ya kila siku. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

NAMBA YA MITA INASEMA NINI

Mnunuzi akiiona namba kubwa huogopa, na akiiona ndogo hufurahi. Kumbe namba hiyo peke yake haitoshi kumwongoza, kwa sababu mita huhesabu mizunguko ya magurudumu tu, wala haihesabu saa ambazo injini imefanya kazi.

Ichukuliwe kwamba gari moja limekuwa likisafiri kati ya Kampala na Gulu kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kilomita 280,000 za gari hilo ni sawa na saa 4,700 hivi za injini. Gari la pili limeishi katika msongamano wa mjini, likitambaa kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kilomita zile zile 280,000 kwake ni saa 14,000. Mita za magari hayo mawili zinafanana, lakini injini ya pili imefanya kazi mara tatu ya injini ya kwanza, na klachi na breki zake zimekanyagwa mara nyingi zisizohesabika.

Tena namba yenyewe huweza kuwa ya uongo. Mita ya kizamani hurudishwa nyuma kwa mkono, na mita ya umeme hurudishwa kwa chombo kidogo kwa muda mfupi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mpira wa pedali ya breki uliolika hata chuma kikaonekana, usukani uliokuwa laini kama kioo, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango, vyote hukataa kukubaliana na mita inayosoma kilomita 90,000. Kwa gari lililotoka Japani kuna shahidi mwingine, nayo ni hati ya kulitoa katika nchi hiyo, ambayo huonyesha usomaji wa mita. Mwenye gari akiwa ameitunza hati hiyo, hesabu huwa rahisi.

MAGARI HAYA NI YAPI

Uganda ilibadilisha Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 2018, na kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Nchini Kenya, kikomo cha gari kuukuu linaloingizwa ni miaka 8. Kwa hiyo magari mengi ya dizeli ya zamani yanayouzwa sasa nchini Uganda hayakushuka melini juzi. Yamekwisha kupita katika mikono miwili au mitatu humu humu, katika vumbi, matope na mabonde ya barabara zetu, na kilomita zake za mwisho ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote.

Mfano mzuri ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 90, iliyotengenezwa tangu mwaka 1996 hadi 2002, ambayo nyingi zake zina injini ya 1KZ-TE ya lita 3. Ni gari linalopendwa, vipuri vyake hupatikana, na mafundi wanalijua. Hata hivyo, lina mambo mawili ambayo mnunuzi hana budi kuyajua. Kwanza, hedi ya injini yake ni ya aluminiamu, na haivumilii joto la kupita kiasi. Rejeta iliyoziba au maji yaliyokauka mara moja tu yaweza kuipasua. Pili, lina mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na injini huharibika mara ile ile. Gari lililokwenda kilomita 280,000 lapaswa kuwa limebadilishiwa mkanda huo mara mbili. Je, risiti ziko wapi?

SAJINI NA MAMA WATOTO

Swali hilo la risiti laweza kuokoa nyumba nzima. Ichukuliwe kwa mfano familia ya sajini mmoja aliyerudi kutoka kazi ya kulinda amani nchini Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kwenda mwaka 2007. Ameweka akiba ya shilingi 30,000,000. Dalali anamwonyesha Prado ya dizeli kwa shilingi 28,000,000, na sajini tayari amekwisha kukaa kwenye kiti cha dereva.

"Afande, gari hili lilikuwa la daktari," dalali anasema. "Tangu lije, fundi hajaligusa."

Mkewe, ambaye alikuwa amesimama kando na mtoto mgongoni, anasogea. "Bwana, kama limekwenda kilomita zote hizo fundi hajaligusa, basi fundi anatungoja sisi."

Dalali anacheka, lakini hana risiti hata moja. Mke anaweka mkono juu ya boneti, anaikuta ina moto. Injini ilikwisha kuwashwa kabla hawajafika. Anamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba watoto, turudi kesho alfajiri, likiwa limelala."

Wanarudi kesho yake pamoja na fundi wao. Injini ni baridi. Inazunguka mara nyingi kabla ya kuwaka, kisha inatoa moshi mweupe ambao hauishi hata baada ya robo saa, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwashwa. Dalali anapunguza shilingi 4,000,000 papo hapo, bila kuombwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sajini anamshukuru kwa heshima, na fedha inarudi katika chama cha akiba siku hiyo hiyo.

Katika mfano huu mke hakuhitaji elimu ya ufundi. Aliuliza kile ambacho mtu yeyote anayeendesha bajeti ya nyumba huuliza, naye hakuona haya kurudi mara ya pili.

KULIPIMA GARI ALFAJIRI

Mnunuzi anayefikiri kwa uzito juu ya gari la namna hii na alipime kwa utaratibu, akiwa na fundi asiyekuwa na ujamaa na muuzaji.

Jambo la kwanza ni kuwasha injini ikiwa baridi. Dizeli yenye kompresheni nzuri huwaka upesi mara taa ya plagi za kupasha moto inapozimika. Inayozunguka muda mrefu na kutetemeka huenda ina ringi zilizolika, nozeli chafu au pampu iliyochoka.

Jambo la pili ni rangi ya moshi. Moshi mweusi kidogo gari linapokanyagwa si ajabu, lakini ukiwa mwingi huonyesha dizeli isiyoungua, pengine kwa sababu ya chujio cha hewa kilichoziba au nozeli mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe asubuhi ya baridi waweza kutoweka wenyewe, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia katika silinda, na hapo gasketi au hedi yenyewe hushukiwa.

Jambo la tatu ni kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo ni wa kawaida. Upepo wa nguvu unaorusha oili na kukichezesha kifuniko maana yake moto wa silinda unapita kando ya pistoni, na hiyo ni dalili ya injini inayohitaji kufunguliwa yote. Wengi hudanganyika hapa kwa rangi ya oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, wala weusi huo si kosa. Ya kuogopwa ni ile iliyochanganyika na maji ikafanana na chai ya maziwa.

Jambo la nne ni rejeta, ambayo hufunguliwa injini ikiwa baridi tu, kwani maji ya moto yaliyobanwa humchoma mtu vibaya. Mafuta yanayoelea juu ya maji, au mapovu yasiyokoma injini inapowashwa, ni habari mbaya.

Jambo la tano ni tabo, yaani kile chombo kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mlio mkali kama filimbi, au oili nyingi ndani ya mpira wake wa hewa, huonyesha kwamba inakaribia kufa.

Jambo la sita ni chini ya gari. Injini yaweza kutengenezwa na gia boksi kubadilishwa, lakini fremu iliyoliwa na kutu haina dawa ya bei nafuu. Magari yaliyoishi sehemu za theluji huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari huenda inaficha mashimo. Na igongwe kwa bisibisi, sauti itasema.

La mwisho ni karatasi. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma ilinganishwe na ya logibuku, na daftari la serikali liulizwe kama gari halikuwekwa rehani kwa mkopo wa mtu mwingine.

DIZELI YA SASA SI ILE YA ZAMANI

Sifa ya uimara ilijengwa na injini za zamani, zenye pampu ya kawaida. Baada ya mwaka 2000 zilienea injini mpya ambazo hunyunyiza dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno kwa kuongozwa na kompyuta. Injini hizo zina nguvu na hula dizeli kidogo, lakini nozeli zake hazivumilii uchafu, maji, wala dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma vya pampu kama dizeli ilainishavyo. Nozeli moja ya injini hizo ni ghali, na injini ya silinda nne ina nozeli nne. Kwa hiyo gari jipya kiasi lenye kilomita nyingi laweza kumgharimu mwenyewe kuliko babu yake.

HESABU YA NYUMBANI

Baada ya injini kupimwa, na ipimwe kazi ya gari. Dizeli huokoa fedha kwa kula lita chache, na uokoaji huo huonekana kwa yule anayesafiri sana tu.

Ichukuliwe kwamba gari kubwa la dizeli huenda kilomita 10 kwa lita moja, na gari kubwa la petroli la namna ile ile huenda kilomita 7. Mtu anayesafiri kilomita 20,000 kwa mwaka atatumia lita 2,000 za dizeli badala ya lita 2,857 za petroli. Ameokoa lita 857, na kwa fedha hiyo aweza kulipia mkanda na sehemu ya matengenezo ya pampu. Lakini familia inayokwenda kanisani au msikitini, sokoni, na kijijini mara nne kwa mwaka, pengine haipiti kilomita 5,000. Itaokoa lita 214 tu. Nozeli zikianza kuvuja, uokoaji wa miaka mingi utakwenda siku moja. Familia hiyo ingepata gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, ingetumia lita 417 kwa mwaka, pungufu kuliko lile la dizeli lenye kutumia lita 500.

Tena bei ya kununua ni malipo ya kwanza tu. Mwenye shilingi 30,000,000 asitafute gari la shilingi 28,000,000, bali la shilingi 22,000,000 au chini yake, ili robo ya fedha yake ibaki kwa mwaka wa kwanza. Katika mwezi wa kwanza, bila kungoja dalili, na abadilishe oili zote, machujio ya dizeli na hewa, maji ya rejeta, na mkanda wa taimingi ikiwa hakuna uthibitisho wa siku ulipobadilishwa. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa injini ya dizeli ni ghali sana.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Gari la zamani lenye moshi lisiachwe likinguruma mbele ya dirisha wanakolala watoto, wala lisipashwe moto ndani ya banda lililofungwa.

ANAYEFAA KULINUNUA

Kwa jumla, gari la dizeli lenye kilomita nyingi linamfaa mtu mwenye mambo matatu kwa pamoja. Awe na ushahidi wa matunzo ya gari lenyewe, kwa risiti au kwa kumjua vema mwenye nalo. Awe na safari ndefu za mara kwa mara, kama za kupeleka mazao au bidhaa, ambazo zitalifanya gari lijilipie. Na awe na fedha ya akiba ya matengenezo, iliyotengwa kabla ya ufunguo kupokewa. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, na aliache, hata kama bei imeshuka.

Kwa familia ya askari kuna swali la ziada, nalo ni nani atakayelitunza gari baba akipelekwa kazini mbali kwa miezi mingi. Gari la dizeli lililozeeka hutaka mtu wa kutazama maji na oili kila wiki, kumwaga maji yanayokaa katika chujio la dizeli, na kusikiliza mlio uliobadilika. Ikiwa mama wa nyumba ndiye atakayelitumia, basi yeye ndiye anayepaswa kuwapo siku ya kulipima, kufundishwa na fundi mahali pa kila kifuniko, na kuwa na neno la mwisho juu ya kununua. Gari lililonunuliwa na mmoja kwa siri huharibikia mlangoni mwa wote wawili.

Na dalali akisema kwamba kuna mteja mwingine anayekuja mchana na fedha taslimu, na apewe nafasi mteja huyo. Magari yapo mengi, na akiba ya miaka mitano ni moja tu.